Mgonjwa asiye raia anawezaje kuwa mtetezi wa kituo cha afya cha jamii nchini Marekani?

Swali: «Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne. Nilikuja Marekani kwa utaratibu wa wakimbizi, na sasa nina kadi ya ukaazi wa kudumu ila bado sijawa raia. Tunatibiwa katika kituo cha afya cha jamii kilicho karibu na kwetu. Hivi karibuni mkurugenzi wa kituo alitueleza kwamba huenda fedha za serikali zikapungua, akawaomba wagonjwa wawe watetezi wa kituo. Ningependa kusaidia, lakini sijui mtetezi hufanya nini hasa, Kiingereza changu ni cha kuokoteza, na naogopa kuingia katika siasa za nchi ambayo bado si yangu. Nianzie wapi?»

Marahaba, mama. Unaweza kuwa mtetezi kuanzia leo, bila uraia na bila Kiingereza fasaha, na maneno yako kama mgonjwa yatakuwa na uzito ambao maneno ya mkurugenzi hayawezi kuwa nao. Mkurugenzi anapoomba fedha, anayemsikiliza anajua kwamba hata mshahara wake unategemea fedha hizo. Wewe unapoeleza jinsi mwanao alivyotibiwa, huna unachokitafuta isipokuwa matibabu yenyewe. Nitaanza na hofu yako, kwa sababu mtu mwenye hofu hawezi kuyatumia mashauri mengine yote.

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanalinda uhuru wa kusema na haki ya kuipelekea serikali maombi na malalamiko, na haki hiyo haikuwekewa sharti la uraia. Mkaazi wa kudumu kama wewe anaifaidi. Zaidi ya hayo, viti vya Baraza la Wawakilishi hugawanywa kwa majimbo kulingana na hesabu ya watu wote wanaoishi humo, na si wapiga kura peke yao, kwa mujibu wa Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868. Mwakilishi wa eneo lenu anakuwakilisha wewe pia, na ofisi yake hupokea kila siku watu wasiopiga kura: watoto wa shule, wageni wenye matatizo ya viza, wazee wanaofuatilia malipo yao.

Ipo mipaka, nayo ni lazima uijue barabara. Usipige kura katika uchaguzi wa shirikisho, yaani wa rais na wa Bunge la taifa, wala usijaze fomu ya kujiandikisha kupiga kura, hata mtu akikuletea kwa nia njema. Nalisisitiza hili kwa kuwa baadhi ya vituo vya afya huwasaidia wagonjwa wao kujiandikisha, na mtu asiyesoma vizuri Kiingereza anaweza kutia alama mahali panaposema kwamba yeye ni raia. Kudai uraia usio nao ni kosa linaloweza kukunyima uraia utakapouomba, na hata kukuondoa nchini. Sheria inamruhusu mwenye ukaazi wa kudumu kuchangia kampeni za wagombea, lakini wewe hulihitaji hilo, na mimi ningekushauri uliache. Kama unao jamaa au majirani ambao hadhi yao ya uhamiaji ni ya muda au haijakamilika, usiwaburute kwenye mikutano na kamera. Kila mmoja wao azungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, kisha aamue mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kile unachokitetea, kwani mtetezi asiyekijua kituo chake huishia kukisifu tu. Mwaka 1965 madaktari wawili, Jack Geiger na Count Gibson, walipata fedha kutoka ofisi ya serikali iliyosimamia vita dhidi ya umaskini, wakaanzisha vituo viwili: kimoja katika mtaa wa Columbia Point mjini Boston, na kingine Mound Bayou, mji mdogo wa watu weusi katika jimbo la Mississippi. Wazo hilo lilikuwa na mizizi barani Afrika. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari, Geiger alikwenda Pholela nchini Afrika Kusini, ambako Sidney na Emily Kark walikuwa wameanzisha kituo mwaka 1940, na huko alijifunza kwamba daktari anapaswa kuchunguza hali inayomrudisha mgonjwa kitandani, pamoja na ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana kule Mound Bayou madaktari waliwaandikia cheti cha chakula watoto waliodhoofu kwa utapiamlo, na kituo kikalipa dukani kama kinavyolipia dawa. Kituo hicho hicho kilisaidia kuchimba visima na kuanzisha shamba la ushirika. Unapoingia ofisi ya mbunge, ingia ukijua kwamba unatetea jambo lenye umri wa miongo sita, ambalo tangu mwanzo liliwapa wagonjwa nafasi ya kuamua.

Leo vipo vituo takriban 1,400 vinavyopata ruzuku ya shirikisho, vyenye maelfu ya matawi, na vinahudumia watu zaidi ya milioni 30. Vinaongozwa na kifungu cha 330 cha Sheria ya Huduma za Afya ya Umma, na sharti lake kuu ni kwamba mgonjwa asinyimwe huduma kwa kukosa fedha. Mtu ambaye kipato cha familia yake hakizidi kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali kila mwaka hupata punguzo kamili, au hutozwa kiasi kidogo tu. Mwenye kipato kati ya kiwango hicho na mara mbili yake hulipa sehemu. Aliye juu ya hapo halipati punguzo hilo. Ni utaratibu wa kumtoza mtu kadiri ya uwezo wake, na ndio unaosababisha pengo kati ya gharama ya huduma na makusanyo ya dirishani. Pengo hilo halina budi kuzibwa na mtu, na hoja yako yote itahusu nani alizibe.

Hapa naomba uvumilie maelezo marefu kidogo, kwa kuwa watetezi wengi wapya hukosea mlango wa kubisha. Fedha za kituo hutoka katika vyanzo kadhaa, na kila kimoja kina wenyewe. Chanzo kikubwa zaidi ni Medicaid, bima ya umma ya watu wenye kipato kidogo, kwa kuwa karibu nusu ya wagonjwa wa vituo hivi wanaitumia. Medicaid hugharimiwa na serikali ya shirikisho pamoja na serikali ya jimbo, na mambo mengi kuhusu nani apokelewe na huduma zipi zilipwe huamuliwa na gavana na bunge la jimbo. Ruzuku ya kifungu cha 330 nayo ina mikondo miwili. Mmoja hupitishwa kila mwaka katika bajeti ya kawaida, na unapita katika kamati za matumizi za Seneti na Baraza la Wawakilishi. Wa pili, ulio mkubwa zaidi, ni Mfuko wa Vituo vya Afya vya Jamii ulioanzishwa na sheria ya afya ya mwaka 2010 kwa dola bilioni 11 za miaka mitano. Mfuko huo si wa kudumu. Kila muda wake unapokwisha ni lazima Bunge liuhuishe, na usipohuishwa unakauka hata kama hakuna mbunge aliyetangaza kuupinga.

Hilo si jambo la kudhania. Tarehe 30 Septemba 2017 muda wa mfuko uliisha bila Bunge kuuongeza, na haikuwa mpaka Februari 2018 ndipo ulipohuishwa kikamilifu. Katika miezi hiyo wakurugenzi walisita kuajiri madaktari, kusaini mikataba ya pango na kufungua matawi mapya, kwa kuwa hakuna daktari anayehama na familia yake kufuata kazi ambayo haijulikani kama itakuwepo mwaka ujao. Tangu mwaka 2023 mfuko umekuwa ukiongezewa muda mfupi mfupi. Kwa hiyo kumwomba mbunge «aongeze fedha» hakutoshi. Ombi la kuupa mfuko muda wa miaka kadhaa kwa mkupuo mmoja lina maana zaidi kwa kituo, na linaeleweka upesi kwa mtu yeyote aliyewahi kupanga bajeti.

Kwa upande wa Medicaid, sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeleta mabadiliko mawili yanayowahusu majirani zako moja kwa moja. Kwanza, ifikapo tarehe 1 Januari 2027 majimbo yaliyopanua Medicaid ili ipokee watu wazima zaidi yatawataka baadhi ya watu wazima wathibitishe kwamba wanafanya kazi, wanasoma au wanajitolea kwa saa 80 kwa mwezi. Pili, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 sheria hiyo inawaondoa wengi wa wakimbizi na waliopewa hifadhi, ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu, katika Medicaid inayogharimiwa na shirikisho. Wajibu wa kituo wa kutomkataa mgonjwa kwa kukosa fedha haukuondoka. Kinachopungua ni malipo. Yaani mgonjwa yule yule atakuja na ugonjwa ule ule, daktari atampokea kama kawaida, na pengo la gharama litakuwa pana zaidi. Sijui hoja iliyo nzito kuliko hii kwa mtetezi anayetoka katika jamii ya wakimbizi, na hakuna atakayeieleza vizuri kuliko ninyi.

Uliuliza mtetezi hufanya nini hasa. Kazi yake ni kuwaeleza wenye mamlaka mambo yanavyokuwa kituoni, kisha kuwaomba wafanye jambo mahususi. Wafanyakazi wa kituo wanabanwa zaidi yako, kwani fedha za ruzuku ya shirikisho haziruhusiwi kutumika kuwashawishi wabunge wapitishe au waukatae mswada fulani, na kituo kikiwa shirika la hisani hakiruhusiwi kumuunga mkono mgombea yeyote. Wewe ukisema kwa niaba yako mwenyewe hubanwi na sharti la ruzuku. Hata hivyo, unapojitambulisha kwa jina la kituo usisifu chama wala usishutumu chama, na sisemi hivi kwa tahadhari ya kisheria peke yake. Vituo hivi vimeungwa mkono na pande zote mbili: Rais George W. Bush alivipanua sana katika muongo wa kwanza wa karne hii, na mfuko nilioutaja uliwekwa katika sheria aliyoitia saini Rais Barack Obama. Mtetezi anayeingia akihisi kwamba amekuja kwa adui huifunga njia ambayo iko wazi.

Silaha yako ni habari ya maisha yako, na inafaa kuitayarisha kwa uangalifu mkubwa. Watu wengi huenda wakasema kwamba kituo ni kizuri, wahudumu ni wakarimu, wanashukuru sana. Maneno hayo ni ya kweli, lakini msikilizaji ameyasikia mara nyingi na hana la kufanya nayo. Tuseme mmoja wa watoto wako ana pumu. Eleza ilivyokuwa kabla hamjakipata kituo: usiku mliokimbilia chumba cha dharura cha hospitali, siku za shule alizokosa, kazi uliyokaribia kuipoteza. Kisha eleza kilichobadilika: dawa ya kuvuta inayopatikana kwa bei unayoimudu, muuguzi anayepiga simu kuuliza hali, mkalimani aliyekuwezesha kufahamu kwamba dawa ya kuzuia hutumiwa kila siku hata mtoto anapokuwa mzima. Baada ya hapo sema mngekwenda wapi kama tawi lenu lingefungwa, ni umbali gani, na kwa usafiri gani. Malizia na ombi lako moja. Hayo yote yatoshe ndani ya dakika tatu, au dakika moja na nusu ukiwa na mkalimani, kwa sababu kila sentensi itasemwa mara mbili.

Jua pia kwa nini habari hiyo ni wewe tu unayeweza kuisema. Sheria ya usiri wa taarifa za wagonjwa ya mwaka 1996 inamzuia daktari wako asisimulie ugonjwa wako kwa mbunge bila ruhusa yako ya maandishi. Haikuzuii wewe. Lakini uhuru huo una uzito wake: ugonjwa wa mume wako ni wa mume wako, na mtoto aliyefikia umri wa kuona haya anastahili kuulizwa kabla hujamtaja. Kituo kikikuomba usaini fomu ili habari au picha yako itumike, omba isomwe kwa Kiswahili, uliza itatumika wapi na kwa muda gani, na uliza kama unaweza kuiondoa baadaye. Picha ikishaingia kwenye intaneti hairudi. Una haki ya kusema habari yako kwa kiasi unachotaka na kuishia hapo, na mkurugenzi mwema hatakusukuma.

Kuhusu lugha, tenganisha mambo mawili. Ndani ya kituo, mkalimani ni haki yako: Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inawataka wanaopokea fedha za shirikisho wasimbague mtu kwa asili yake ya kitaifa, na kwa muda mrefu hilo limetekelezwa kwa kuwapa msaada wa lugha wagonjwa wasiojua Kiingereza vizuri. Katika ziara ya ofisi ya mbunge, mwombe anayeratibu utetezi kituoni akutafutie mkalimani, na ofisi iarifiwe mapema. Nakusihi usimtumie mwanao. Mtoto hulainisha maneno ya mama yake, huruka yanayomtia aibu, na hubeba mzigo usio wake. Zungumza Kiswahili chako kwa utulivu, mtazame anayekusikiliza wala si mkalimani, na tua kila baada ya sentensi mbili.

Usishangae ukipokelewa na kijana badala ya mbunge mwenyewe. Wasaidizi hawa wa mambo ya afya ndio wanaomwandikia mbunge muhtasari, na mara nyingi wao ndio wanaokumbuka nani alikuja na alisema nini. Si lazima usafiri hadi Washington. Kila mbunge ana ofisi katika eneo lake, na huko ndiko mgonjwa mwenye watoto anakoweza kufika. Kila Agosti, Bunge linapokuwa mapumzikoni, huadhimishwa Wiki ya Kitaifa ya Vituo vya Afya, na vituo vingi huwaalika wabunge wajionee wenyewe. Kama kuna siku moja katika mwaka ya kusimama na kusema, ningechagua hiyo, kwa kuwa mbunge atakuwa kituoni kwenu, miongoni mwa watu anaowawakilisha. Kwa simu, namba kuu ya mapokezi ya Bunge ni (202) 224-3121. Taja jina lako, msimbo wa posta wa unakoishi, jina la kituo, na ombi lako kwa sentensi moja. Barua uliyoitunga mwenyewe ina thamani kuliko mia zilizonakiliwa. Baada ya mkutano andika barua ya shukrani inayorudia ombi, na kama uliulizwa swali ukakosa jibu, jibu lifike ndani ya siku chache.

Bado sijaugusa utetezi ninaouthamini kuliko wote, ambao watu huusahau kwa kutazama Washington peke yake. Sheria inataka kila kituo cha namna hii kiongozwe na bodi ambayo wajumbe wake wengi, asilimia 51 au zaidi, ni wagonjwa wa kituo hicho hicho. Bodi huwa na wajumbe kati ya 9 na 25, na kwa kawaida hukutana kila mwezi. Huidhinisha bajeti, saa za kazi, huduma zitakazotolewa na viwango vya punguzo, na ndiyo inayomchagua mkurugenzi na inayoweza kumwondoa. Wafanyakazi wa kituo na ndugu zao wa karibu hawaruhusiwi kuwa wajumbe. Kanuni hizo za bodi hazikuweka sharti la uraia. Nimeona bodi ambazo viti vya wagonjwa vimejazwa na watu wanaopita kituoni mara moja kwa mwaka, huku wanaoshinda kwenye benchi la kusubiria hawajui hata kwamba viti hivyo vipo.

Humo ndimo unamoweza kutetea wagonjwa hata dhidi ya mazoea ya kituo chenyewe. Pengine simu za miadi hujibiwa kwa Kiingereza tu. Pengine kituo hufungwa saa 11 jioni, wakati akina mama wengi wa jamii yenu ndio kwanza wanatoka kazini. Pengine tangazo la punguzo limebandikwa mahali ambapo hakuna anayelisoma, na watu hulipa bei kamili bila kujua. Kuyasema hayo hakukidhoofishi kituo mbele ya wabunge. Kituo kinachosikiliza wagonjwa wake kina ushahidi wa kuonyesha pale kinapodaiwa kuthibitisha kazi yake.

Kwa hiyo, utakapokwenda kwenye miadi yako ijayo, muulize mtu wa mapokezi mambo mawili: nani anaratibu utetezi wa wagonjwa, na bodi inakutana lini. Omba kuhudhuria kikao kimoja kama msikilizaji, ukaone jinsi maamuzi yanavyofanywa. Ukivutiwa, omba fomu ya ujumbe, na kabla hujaijaza uliza kama kituo kitakupa mkalimani katika vikao na nyaraka katika lugha unayoisoma. Wakisita, mwambie mwenyekiti wa bodi kwamba wagonjwa wanaozungumza Kiswahili nao wana haki ya kuwa miongoni mwa wanaoamua, na umwombe akujibu kwa maandishi.